Rimu ya vipande vitatu: ya nyuma kushoto hatimaye imeshika upepo

Imeshika! Jana usiku niliiacha na presha 32, asubuhi hii kabla jua halijagonga gereji geji ikasoma 31. Hiyo moja naisamehe, kwa sababu usiku wa Nakuru unajua kupoa, na joto likishuka nyuzi 10 hivi, presha hushuka karibu 1.5 bila hewa yoyote kutoka. Kabla ya hapo nilikuwa nikiamka kuikuta 24 au chini yake, gari limeinama upande mmoja.

Ni zile rimu za kutoka Japani, PCD 5x100 (matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100), za Subaru Impreza. Kila moja ni vipande vitatu, yaani kati, pipa la ndani na mdomo wa nje, vilivyobanwa kwa bolti, na mshono wao unazibwa kwa silikoni ili upepo usitoke. Habari ya kufungua bolti zilizoganda na kutenganisha vipande mnaijua, sitairudia. Kusafisha pia mnakujua, ila nasisitiza jambo moja: silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu, hata ukibakiza utando mwembamba usioonekana. Nilikwangua kwa plastiki ngumu, nikafuta kwa asetoni. Petroli hapana, inaacha mafuta. Na funga mlango kwanza, maana upepo ukivuma vumbi la mji huu linatua kwenye alumini kabla hujafungua mrija.

Sasa tatizo lenyewe. Maji ya sabuni yalikuwa yakitoa povu pale pale kila mara, kwenye kichwa cha bolti moja karibu na valvu. Vipovu vidogo, vya taratibu, vinaota kimoja kimoja. Fundi wa pancha akaangalia, akasema, "Bosi, hiyo bolti imelegea, kaza tu." Haikuwa imelegea. Zote nilikuwa nimezikaza kwa mtindo wa nyota, kwa awamu, hadi kipimo cha mtengenezaji. Ukizidisha hapo unavuta bolti au unakula nyuzi, na bolti ya M7 (unene wa milimita 7) ni kitu cha kutafuta kwa tochi katika maduka yetu. Wanakuletea M6, wanakuletea M8, halafu wanakuuliza kama huwezi kutoboa kidogo.

Bolti hazizibi upepo. Zinabana vipande, basi. Hewa ya tairi inaingilia kwenye mshono, inatambaa katikati ya vipande vilivyobanwa, halafu inatokea penye njia rahisi, mara nyingi tundu la bolti. Kwa hiyo lile povu lilikuwa linanionyesha mlango wa kutokea, na mimi nilitaka wa kuingilia.

Nikageuza mambo. Tairi nikavua, bolti ile nikaitoa, nikabana pua ya mpira ya bunduki ya kompresa kwenye tundu lake, presha ndogo kabisa (ukifungulia sana unabandua silikoni nzima kutoka nyuma). Mshono wa ndani nikaupaka sabuni mzunguko mzima. Povu likatokea robo nzima ya duara mbali na bolti! Nilipokata silikoni pale nikakuta kishimo cha kutu nyeupe ukingoni mwa mdomo wa rimu, saizi ya mbegu ya ufuta. Silikoni ilikuwa imepita juu yake kama daraja, chini kuna hewa.

Kuziba hapo tu sikutaka, kwa sababu pale mpya inapokutana na ya zamani ndipo inapovuja tena. Nikatoa yote, kishimo nikakisugua kwa msasa hadi alumini safi, nikaisukumia silikoni ndani kwa kidole kabla ya kupiga mstari mzima.

Kuhusu silikoni: ile inayonuka siki, ya vioo na masinki, iacheni dukani. Ile asidi inakula alumini. Chukua isiyo ya asidi hata ikigharimu zaidi, na uipe muda. Inakauka kwa unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo anayekwambia saa tatu zinatosha anaongelea ngozi ya juu. Mstari uwe mwembamba na laini, la sivyo ukingo wa tairi utaukwangua wakati wa kuvisha. Mashine ya kuvishia tairi naiamini kuliko mitaimbo, lakini simama pale pale uangalie.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kung'arisha midomo ya rimu. Umekufa. Nimeshapeleka bolti moja ya M7 kwa fundi wa kukereza aitoboe katikati, aache tundu la pembeni litakalotokea pale vipande vinapokutana, halafu achomelee nipu ya baiskeli, ile ya kujazia upepo, kichwani. Nikiipata nitakuwa najaribu kila rimu kwa pampu ya mkono na geji kabla ya kuvisha tairi, bila kushikilia bunduki kwa mkono mmoja na brashi ya sabuni kwa mwingine. Amenicheka, lakini amesema nirudi Alhamisi.