Siku moja maishani mwangu: kufukuzana na dakika 30 za kwanza

Saa 2 asubuhi. Niko maabara, naangalia seli zangu kwenye mikroskopu, zimetulia kabisa maana tangu jana nimezinyima seramu, yale majimaji ya damu yenye vichocheo vya ukuaji, zikaacha kugawanyika. Ndo nnavyotaka. Leo nataka kuzishtua halafu nione jeni gani zinaamka za kwanza.

Saa 3 kamili nawawekea seramu na nawasha saa. Hapa sipokei simu hata ya mama. Vichocheo vya ukuaji vinagonga utando wa seli, habari inapokezanwa mpaka kwa kimeng'enya kinaitwa ERK, nacho kinampachika fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali) protini inayoitwa Elk-1, ambaye yeye na mwenzake SRF, protini nyingine, walishakaa kwenye DNA pembeni ya jeni, wanangoja tu kuambiwa. Ndo maana jeni za Fos na EGR1 zinawaka ndani ya dakika chache, hakuna protini mpya ya kutengenezwa kwanza. Ukitaka kuhakikisha wape saikloheksimaidi, dawa inayozuia kutengeneza protini, jeni zitawaka vilevile na tena zinachelewa kuzimika!

Natoa sahani ya dakika 15, ya 30, ya 60, ya 120, zote moja kwa moja kwenye barafu. RNA ya Fos, yaani nakala ya jeni inapowaka, huwa inafika kileleni kama dakika 30 hivi halafu inaoza haraka, ukichelewa umekosa sherehe.

Saa 5 mpaka saa 8 mchana natoa RNA. Kazi ya kuchosha, sina la kusimulia.

Saa 9 nasubiri mashine ya PCR, inayopima hizo RNA, mwanafunzi mpya ananiuliza, sasa dada kitu kinachowaka nusu saa kina faida gani? Swali zuri bwana. Nikamwambia protini ya Fos anaungana na protini nyingine, Jun, wanakuwa jozi inayoitwa AP-1, wanaenda kuwasha jeni za awamu ya pili, hao wa kwanza ni kama tarishi tu. Halafu muda nao ni ujumbe: seli za panya za maabara ziitwazo PC12 ukizipa kichocheo cha ukuaji EGF, ERK inawaka kidogo inazima na seli zinagawanyika, ukizipa kingine, NGF, inawaka muda mrefu na zinaota mikia kama neva. ERK ikidumu protini ya Fos inapachikwa fosfeti nayo inadumu, ikizima mapema Fos inaharibiwa. Kwa hiyo seli kama inahesabu dakika. Mimi hapo ndo hunimaliza kabisa.

Saa 11 jioni majibu yametoka na nimeishiwa nguvu. Sahani ya sifuri, ambayo haikuguswa na seramu, ina Fos imepanda!! Nikakumbuka, asubuhi niliitoa ya kwanza nikaiacha mezani huku nahangaika kuandika lebo, nikaisogeza mara mbili tatu. Kutikiswa tu kunatosha kuziamsha hizi jeni, nalijua hilo miaka yote.

Saa 12 na nusu nawanyima seramu kundi jingine. Lebo nimeshaziandika usiku huuhuu.