Kuku wawili, oveni moja, watu kumi: nilivyopika chakula cha sikukuu nyumbani kwa mara ya kwanza

Oveni yangu ina rafu mbili. Orodha ya kwanza niliyoandika ilikuwa na kuku, viazi, mboga za kuoka, mikate midogo na keki, vyote vya oveni na vyote vikitakiwa mezani saa 8:00 mchana. Haiwezekani. Afadhali nililigundua hilo kwenye karatasi, wiki nzima kabla, kuliko kuligundua wageni wakiwa wameshakaa sebuleni.

Nikachora safu tatu: oveni, jiko la juu, na visivyohitaji moto siku hiyo. Kila chakula kikaingizwa kwenye safu yake. Oveni ikabaki na kuku na viazi tu. Wali, mchuzi na maharage machanga ya kijani vikaenda jiko la juu. Saladi ya kabichi na keki, iliyookwa siku mbili kabla, vikawa havina moto kabisa. Mikate niliifuta. Ukiona safu moja imejaa, usitafute ujanja wa kubana, punguza chakula.

Jambo la pili nililolifanya wiki hiyo ni kuoka kuku mmoja wa majaribio, nikiwa na kipimajoto cha oveni ndani. Kitufe kilikuwa kwenye 200, kipimajoto kikasoma 180. Oveni nyingi za nyumbani hupotoka namna hii, na nyuzi 20 zinatosha kumchelewesha kuku na kuacha ngozi yake imepauka. Tangu hapo nikitaka 200 naweka 220. Ningeambiwa ninunue kifaa kimoja tu kwa ajili ya kazi hii, ningenunua kipimajoto cha nyama, na cha pili kingekuwa hicho cha oveni.

Vipimo kwa watu kumi vilikuwa hivi: kuku wawili wa kilo 1.8 kila mmoja (mmoja hutosha watu wanne hadi watano), viazi kilo 1.5, mchele gramu 800, maharage gramu 800, kabichi moja ya wastani, mchuzi mililita 600. Viazi peke yake, bila wali, ningeweka kilo 2.5. Lakini wali ukiwepo, viazi vya ziada hujaza trei tu, na trei iliyojaa ndiyo adui wa viazi vya kuoka, kama nitakavyoeleza. Kabla ya kununua chochote niliwauliza wageni wote kama kuna kitu hawali au kinachowadhuru: karanga, maziwa, mayai, ngano. Swali hilo huulizwa siku kadhaa kabla. Kuuliza mezani ni kumtia mgeni aibu.

Kuku waliogandishwa huganduliwa ndani ya friji, si juu ya meza. Wa kilo 1.8 huchukua kama saa 24, ila friji ikiwa imejaa huenda polepole zaidi, kwa hiyo niliwatoa kwenye friza siku tatu kabla na kuwaweka rafu ya chini kabisa, ndani ya trei yenye kina, maji yao yasidondokee vyakula vingine. Ukichelewa, njia ya dharura ni maji baridi: kuku akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, badilisha maji kila nusu saa, na hesabu nusu saa kwa kila gramu 450. Ukimgandua hivyo, mpike mara moja. Usimwoshe kuku mbichi kwenye sinki, maana matone hurusha vijidudu hadi kwenye vyombo vilivyo jirani, ilhali moto wa oveni utaviua vyote vilivyo juu ya nyama.

Asubuhi ya siku iliyotangulia sikukuu niliwapangusa kwa karatasi za jikoni mpaka wakauka, nikawapaka chumvi laini, vijiko viwili vya chai kwa kila kuku, yaani kama gramu 12, nje na ndani, kisha nikawarudisha kwenye friji bila kuwafunika. Chumvi hutoa maji kwanza, halafu maji hayo hurudi ndani ya nyama yakiwa na chumvi yake. Kwa hiyo saa moja haitoshi, inahitaji nusu siku au zaidi. Wakati huohuo hewa ya friji hukausha ngozi. Ngozi yenye maji haiwezi kuwa ya kahawia kabla maji hayo hayajaisha, na yakiisha kidari kimeshakauka. Angalizo moja: soma pakiti. Kuna kuku wanaouzwa wakiwa wameshaingiziwa maji ya chumvi, na hao wakipakwa tena hawaliki.

Jioni hiyo nilichemsha shingo na firigisi kwenye lita moja ya maji pamoja na kitunguu na karoti kwa saa moja na nusu, nikachuja, nikapata supu ya mchuzi. Ini sikulitia, hufanya supu iwe chungu. Nilimenya viazi nikavilaza kwenye maji baridi ndani ya friji. Maharage niliyachemsha dakika nne kwenye maji yenye chumvi, nikayatosa kwenye maji ya barafu, nikayachuja. Kabichi ikakatwa, na mafuta vijiko vitatu kwa kimoja cha maji ya ndimu vikawekwa kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na kabichi. Ukiyachanganya mapema, chumvi huvuta maji na saladi huogelea.

Ratiba ya siku yenyewe niliiandika kutoka mwisho kwenda mwanzo, nikaibandika ukutani. Chakula mezani saa 8:00. Kukata kuku, saa 7:40. Kuku kutoka kwenye oveni, saa 7:10. Kuingia, saa 5:20. Kuwasha oveni, saa 4:50. Wageni nilikuwa nimewaalika saa 7:00, ili atakayechelewa dakika 40 asiharibu kitu.

Kuku wawili kwenye oveni moja hawaivi kwa muda wa mmoja. Nilihesabu dakika 110 kwa nyuzi 200, wakati yule wa majaribio peke yake alichukua 85. Waache nafasi ya angalau sentimita tano kati yao. Wakigusana, ubavu ule hubaki mweupe na paja la ndani huchelewa. Katikati ya muda niliigeuza trei, upande wa nyuma ukaja mbele, kwa sababu nyuma ya oveni huwa na joto zaidi. Kidari kikianza kuwa cheusi kabla ya paja kuiva, kifunike kwa foili, sehemu nyingine ziendelee wazi. Kipimo cha kuiva ni nyuzi 74 kwenye sehemu nene, ncha ya kipimajoto isiguse mfupa. Pajani mimi napenda kufika 80, nyama hulainika zaidi. Kile kipimo cha zamani cha maji meupe yanayotoka paja likichomwa sikiamini: maji yanaweza kutoka meupe kabla nyama haijafika, na wakati mwingine huwa na wekundu hata kuku akiwa ameiva.

Viazi nilivichemsha saa 5:45 kwa dakika tisa, mpaka kingo zikaanza kulegea. Nikamwaga maji, nikaviacha dakika tano vitoe mvuke, nikaitikisa sufuria mara tatu nne ili juu yake pakwaruzike. Ule ukwaruzo ndio unaokuwa mkavu na kulia mdomoni. Saa 6:20 vikaingia rafu ya chini kwenye trei yenye mafuta vijiko vikubwa sita yaliyokwisha kupata moto, kila kiazi na nafasi yake. Vikibanana, mvuke wa kimoja humlowesha mwenzake na unapata viazi vya kuchemsha vilivyopakwa mafuta. Walipotoka kuku, viazi vikapanda rafu ya juu, moto ukaongezwa hadi 220, vikapewa dakika 40 za mwisho. Hapo ndipo faida ya kumpumzisha kuku inapoonekana mara mbili: nyama hutulia isimwage maji yake ikikatwa, na oveni inakuwa huru. Kuku mzima aliyefunikwa foili kwa ulegevu hukaa moto nusu saa bila shida. Ukimbana sana, mvuke hulainisha ngozi uliyoihangaikia tangu jana.

Wali ndio uliotaka kuniangusha, na kosa ni la hesabu. Kwa kikombe kimoja cha mchele huwa naweka vikombe viwili vya maji. Kwa vikombe vinne nilidhani ni vinane. Siyo. Mchele hunywa maji karibu sawa na ujazo wake. Yanayozidi ni yale yatakayopotea kwa mvuke, na sufuria kubwa haipotezi mvuke mara nne ya ndogo. Nilijaribu siku mbili kabla na vikombe vinane nikapata kitu cha kuchotwa kwa upawa. Vikombe vitano na nusu ndivyo vilivyotoa wali uliochambuka. Anza na maji yanayochemka, mfuniko ubane, moto mdogo kabisa dakika 18, zima, usifunue kwa dakika kumi. Nilianza saa 7:00 na ulikaa na moto wake hadi mezani.

Mchuzi haukutaka muda. Maji yaliyodondoka kwenye trei ya kuku niliyamimina kwenye jagi, nikasubiri mafuta yapande, nikayaengua. Gramu 40 za mafuta hayo na gramu 40 za unga wa ngano, dakika mbili juu ya moto, kisha supu kidogokidogo huku nikikoroga mpaka nikafika mililita 600. Ukimwaga supu yote kwa pamoja utapata madonge. Yakitokea, chuja, hakuna atakayejua. Chumvi onja mwisho, maji ya kuku tayari yanayo.

Kukata: anza na mapaja. Pitisha kisu kwenye ngozi kati ya paja na mwili, likunje paja nje mpaka kiungo kiachie, kata hapo kwenye kiungo. Kidari kipasue pande zote mbili za mfupa wa katikati, kitoe kizima, ndipo ukikate vipande kukatiza nyuzi za nyama. Ubao uwe mwingine, si ule uliowekewa kuku mbichi.

Mambo ya sebuleni ni machache: hesabu viti, glasi mbili kwa kila mtu, vinywaji kwenye beseni la barafu ili friji ibaki na nafasi, ndoo ya taka iwe tupu, taulo safi msalani. Sinki niliijaza maji moto ya sabuni kabla ya saa 7:00, kila chombo kikitoka kinaingia humo.

Kilichobaki hakikai mezani zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Wali ndio wa kuwahiwa: una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na ukiachwa sufuriani hadi usiku hutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa. Usambaze kwenye vyombo vifupi ili upoe upesi, kisha friji. Kiporo cha kuku kinakwenda siku tatu hadi nne. Mifupa ya kuku wote wawili niliitia sufuriani usiku uleule kwa saa tatu, nikagandisha supu lita mbili.