Cheti cha Kuzaliwa Kianzie Kliniki, Kisiishie Hapo

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa Tanzania Bara wenye umri wa chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa muda mrefu maelezo yaliyotolewa kuhusu hali hiyo yalikuwa mepesi: wazazi hawana mwamko, basi wahamasishwe. Sijawahi kuridhika nayo, kwa sababu mama huyohuyo anayeambiwa hana mwamko ndiye anayedamka alfajiri, akambeba mtoto mgongoni na kumpeleka kliniki mwezi hata mwezi, kadi yake akiwa ameifunga kwenye plastiki ili isilowe. Mzazi anayetunza kadi namna hiyo hakosi cheti kwa uzembe.

Utaratibu wenyewe ndio uliomshinda. Mtoto akizaliwa hospitalini, mama aliondoka na tangazo la kizazi, karatasi ambayo wengi waliidhania kuwa ndiyo cheti chenyewe wakaihifadhi sandukuni. Ili apate cheti, alitakiwa kulipeleka tangazo hilo kwa msajili, makao makuu ya wilaya. Kwa mkazi wa mjini hiyo ni shughuli ya asubuhi moja. Kwa mtu wa kata za pembezoni za wilaya kubwa kama Chunya, ni nauli ya kwenda na kurudi, ada ya cheti, siku nzima ya shamba iliyopotea, na pengine maelekezo ya kurudi wiki inayofuata. Aliyejifungulia nyumbani hakuwa hata na tangazo la kuanzia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina na uraia na kumwekea mzazi wajibu wa kumsajili, lakini wajibu huo uliwekwa bila ofisi kusogezwa.

Ofisi ilianza kusogea mwaka 2013, pale Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kwa kushirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ulipoanzisha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa bado haujamegwa kuunda Songwe. Ada iliondolewa. Usajili ulihamishiwa kwenye vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za watendaji wa kata, taarifa za mtoto zikatumwa RITA kwa simu ya mkononi, na cheti kikajazwa papo hapo mzazi akiwa amesimama mezani. Mpango huo ukasambaa mkoa kwa mkoa, na watoto waliopata vyeti kwa njia hiyo wamekwishafika mamilioni.

Nadhani busara ya mpango huu haijasifiwa inavyostahili. Mtoto huletwa kituoni kwa chanjo akiwa na wiki sita, kumi, na kumi na nne, kisha anarudishwa kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa na miezi kumi na minane. Hata aliyezaliwa nyumbani hufikishwa kituoni kwa ajili ya chanjo hizo. Kwa hiyo, mzazi akikosa kusajili safari ya kwanza, nafasi nyingine inamfuata bila yeye kufunga safari mpya kwa ajili ya cheti pekee.

Hata hivyo, anayebeba mzigo wa mpango huu ni muuguzi. Ni yeye anayepima uzito, anayechoma chanjo, anayejaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, kisha anaandika cheti kwa mkono huku foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Katika mazingira hayo herufi moja huponyoka kwa urahisi, na athari yake huonekana baada ya miaka mingi. Binti wa dada yangu aligundua wakati wa kuomba mkopo wa elimu ya juu kwamba jina la baba kwenye cheti chake cha zamani lilitofautiana kwa herufi mbili na lile la cheti cha kidato cha nne. Alizungushwa kati ya ofisi moja na nyingine, akatafuta kiapo kwa wakili, akarudishwa tena, na wakati wote huo dirisha la maombi lilikuwa likielekea kufungwa. Usajili wa kliniki unahitaji karani wake, hata kama ni wa siku za kliniki tu, na mzazi asomewe kila neno kabla ya mhuri kugongwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba Serikali bado inamfanya mzazi kuwa tarishi wake. Mtoto aliyeandikishwa kituo cha afya cha Serikali, na taarifa zake zikatumwa kwa wakala wa Serikali, hudaiwa nakala ya cheti hichohicho shuleni, kisha kwenye kitambulisho cha taifa, kisha Bodi ya Mikopo, ambako pia hutakiwa kukirudisha RITA kwa uhakiki. Mifumo ingesomana, nyingi ya safari hizo zisingekuwapo.

Wapo pia waliokwisha kuvuka miaka mitano kabla mpango haujafika mkoani kwao. Hao wamebaki kwenye utaratibu wa zamani wa ada, barua ya mtendaji na vielelezo vya kutafuta. Wengi wao wako madarasani, na mwalimu mkuu anawafahamu kwa majina na kwa wazazi wao. Ofisi yake ipewe fomu na mamlaka ya kupokea maombi yao bila ada, kuanzia Januari, wakati wazazi wanapofika shuleni kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.