Kuelea Bila Jaketi

Leo nimeelea. Chali, masikio ndani ya maji, macho juu, kwa muda wa kusoma Alhamdu na Kulhuwallahu pasi na haraka. Kisha nikakumbuka kuwa naelea, nikashtuka, nikanywa maji ya chumvi.

Najua kuna watakaocheka. Mzaliwa wa Likoni, mtu mzima, avukaye feri asubuhi na jioni kwenda kupika hotelini, anashangilia kuelea? Lakini Mombasa tuko wengi tulioishi kando ya bahari bila kuiingia zaidi ya magotini. Nyumbani kwetu ilikuwa ya kutazamwa tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, asubuhi, watu wakienda kazini, wakafa 272. Mamangu alizika majirani. Tangu hapo akipanda feri husimama katikati, mbali na ukingo, midomo ikicheza kwa dua mpaka feri itie nanga ng'ambo. Nasi wanawe tukajifunza kusimama pale pale. Hofu ile niliirithi kama wengine wanavyorithi sinia za shaba.

Shida ni kwamba nataka kupanda meli. Nataka kazi ya jikoni, upishi wa mabaharia. Pale Bandari Maritime Academy, chuo cha mabaharia, nilikwenda kuulizia, nikiamini mpishi atasamehewa mambo ya maji. Wapi! Mafunzo ya msingi ya usalama yanatokana na mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, na mkataba haujali kama wewe washika usukani au mwiko. Unavaa jaketi la kujiokolea, unaruka majini kutoka juu, unapindua boti ya mpira iliyolala kifudifudi, unaipanda. Hayo niliyasoma nimetulia. Kilichonimaliza ni mstari mmoja: kuelea bila jaketi. Ile karatasi nikaiweka juu ya friji, chini ya kopo la majani, ikakaa huko mpaka ikanukia chai.

Nikijichunguza sasa, maji yalinitisha, ndiyo, ila watu walinitisha zaidi. Kufika Pirates Jumapili, ufuo umejaa, watoto wa miaka sita wanapiga mbizi, ngamia wanapita, kila mtu na simu yake, na wewe mama mzima umevaa taitsi na fulana ndefu, umeshikwa mgongo kama mtoto anayeogeshwa! Nani kutoka mtaani ataniona? Atakwenda kusema nini? Miaka yangu mingi imeliwa na swali hilo. Na jibu nililipata siku ya kwanza kabisa, maana jirani alinikuta kweli, nikiwa nimelowa chapachapa. Akaniuliza kama nimeona mwanawe amekwenda wapi na tyubu. Basi.

Anayenifundisha ni kijana anayekodisha tyubu pale pale ufuoni. Ninampenda kwa kuwa hana maneno matamu. Mitandaoni kila mtu anakwambia jiamini, utaweza. Huyu hajawahi kunitamkia neno hilo. Yeye husema, "Dada, legeza shingo." Ukiinua kichwa kutazama miguu, miguu inazama, ukilaza kichwa na kujaza kifua pumzi, mwili unapanda wenyewe. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mtoni, yanabeba. Kumbe nilikuwa nazama kwa sababu ya kujihadhari.

Siku pia anazichagua yeye. Hataki bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana maji yanatoka mbali sana na kurudi kwa kasi. Hungoja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, tunaingia yakianza kujaa, huku mwamba ukituzuilia mawimbi makubwa nje. Na alinitaka nianze kabla ya kusi, kwa sababu kusi ikivuma bahari inachafuka na ufuo unajaa mwani. Mamangu ana miaka yote hiyo pwani na mimi sijawahi kumsikia akiyazungumza haya. Sisi bahari tuliijua kwa msiba wake tu.

Kuruka kutoka juu bado. Nikilifikiria jambo hilo, tumbo linanikata, sitadanganya. Ada nayo sijaikamilisha.

Usiku huu nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nikangoja anikumbushe Mtongwe. Akauliza, "Huko melini wanakula wali?"

"Mabaharia wengi ni Wafilipino, mama. Wali asubuhi, mchana na jioni."

Akatoa changarawe, akaitupa. Akanionya nisianze kuwapikia ule wa nazi mapema, wataunogewa wanikatalie likizo.