Daftari la maziwa, wiki ya sita: lita nne za hewa

Jumanne. Mama mdogo kapiga simu toka Kibosho kabla sijanywa chai. "Mwanangu, hiyo simu yako ina ng'ombe?"

Daftari lake la karatasi linasema jana jioni alipokea lita 61. Programu ya simu niliyomtengenezea, ya kuandika maziwa anayopokea, inasema 65, na wafugaji wanalipwa kwa hesabu hiyo.

Nikamwuliza ilikuwaje. Kuna mzee alileta lita nne, maziwa yakapimwa kwa spiriti yakaganda, yakakataliwa. Mama alikuwa ameshaandika 4 kwenye kidirisha cha kuingizia lita, basi akabonyeza Ghairi. Kidirisha kikafunga, naye akaamini yameisha.

Kosa ni langu, tena nililifanya nikijiona fundi. Wiki ya pili vidole vyake vyenye maziwa viligusa pembeni ya kidirisha, kikajifunga, lita zikapotea. Nikahamishia kazi ya kuhifadhi ndani ya onDismiss, kipande cha msimbo ambacho Android hukiita kidirisha kikifungwa, ili kifungwe vyovyote data ibaki. Hiyo "vyovyote" ndiyo imeniponza. Kwenye Android, onDismiss huitwa kwa kila namna ya kufunga: Hifadhi, Ghairi, kugusa nje, kitufe cha simu cha kurudi nyuma. onCancel, kipande kingine cha aina hiyo, huitwa kwa hizo mbili za mwisho tu, na baada yake onDismiss inafuata vilevile. Kinachochanganya ni kwamba kitufe cha Ghairi chenyewe hakiiti onCancel, japo kwa jina ungedhani ni ndugu.

Jumatano usiku, Moshi mjini. Umeme umerudi saa tatu. Kuhifadhi nimekurudisha kwenye kitufe cha Hifadhi peke yake. Kufunga kwa kugusa nje nimekuzima kwa amri ya setCanceledOnTouchOutside(false). Kitufe cha kurudi nyuma nimekiacha, maana sipendi programu inayomfungia mtu ndani.

Kumbe balaa jingine lilikuwa linasubiri. Ukibonyeza Hifadhi bila kuandika lita, AlertDialog, yaani aina ya kidirisha cha Android ninachotumia, inajifunga yenyewe kabla hujamwonyesha mtu kosa lake. Ndiyo tabia yake kwa kitufe chochote kati ya vitatu inavyoweza kuwa navyo. Dawa ni kukichukua kitufe kwa amri ya getButton na kukipa msikilizaji wako mwenyewe, yaani msimbo unaoitika kikibonyezwa, halafu wewe ndiye unayeita dismiss, amri ya kufunga, namba ikiwa sawa. Saa nzima imeniishia hapo. Nilikuwa naita getButton kabla ya show, amri ya kuonyesha kidirisha, inarudisha null, yaani hakuna kitu, programu inaanguka. Nilipoiweka ndani ya setOnShowListener, inayosubiri kidirisha kionekane kwanza, ikatulia. Sasa lita zikiwa tupu, maandishi mekundu yanatokea na kidirisha kinabaki pale pale.

Kilichobaki: simu ikigeuzwa upande, kidirisha kinapotea na namba zake. Hiyo ni ya kuhamia DialogFragment, namna nyingine ya Android ya kushika kidirisha, na sina hamu nayo wiki hii.

Jumamosi napanda Kibosho kuweka toleo jipya na kufuta zile lita nne. Mama mdogo kasema nisije mikono mitupu, spiriti imemwishia.