Nalipia kilo, si urefu

Paipu ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya meza ya kazi ilikuwa ya mraba, milimita 40 kwa 40, na niliambiwa unene wake ni milimita 2. Nikalipa, nikabeba, nikakata. Kugusisha kijiti cha kuchomelea tu, tundu. Nikapunguza moto, tundu jingine. Nilipopima ukingo nikakuta milimita 1.5. Paipu ya mita 6 yenye unene nilioambiwa ilipaswa kuwa na karibu kilo 14. Yangu ilikuwa na kama 11. Kilo tatu nilizolipia hazikuwepo, na iliniuma sana.

Tangu hapo siendi dukani bila kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mfukoni na hesabu kichwani. Flatibaa, yaani chuma bapa: upana mara unene, kwa milimita, kisha mara 0.00785, unapata kilo za mita moja. Chuma cha mviringo: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162. Kile cha milimita 12 kinakuja karibu gramu 890 kwa mita. Ukijua uzito, utajua bei ya kila kilo, na hapo ndipo unaweza kulinganisha duka na duka.

Lakini unafuu hasa nimeupata kwenye mabaki. Fundi anayekata paipu za mita 6 kutengeneza mageti hubakiwa na vipande vya sentimita 40, 70, hata mita nzima, ambavyo kwake vinaziba njia tu. Mimi huenda na orodha ya vipande ninavyovihitaji, kila kimoja na urefu wake, naomba ruhusa nichambue mwenyewe. Miguu yote minne ya meza yangu ya sasa ilitoka kwenye rundo moja la namna hiyo.

Kwenye chakavu natafuta springi za magari, kwa ajili ya patasi na visu. Nikitilia shaka kipande, nakigusisha kwenye jiwe la grenda sehemu yenye kivuli na kutazama cheche. Chuma laini hurusha mistari mirefu iliyonyooka, inayopasuka kwa nadra. Chenye kaboni nyingi, ndicho ninachokitafuta, hutoa cheche fupi, nene kama kichaka, kila mstari ukichanua vinyota. Ukiziona mara mbili tatu hutazisahau. Nondo siitumii kwa kitu chenye makali. Huwezi kujua kilichoyeyushwa humo.

Chuma kilichopakwa zinki nakiacha, hata cha bure. Moshi wake ukichomelea huleta homa na kutetemeka usiku kucha, na mapafu hayana bei nafuu popote.

Kwa kazi nyingi nachukua chuma kilichopitishwa kwenye rola kikiwa cha moto, kile chenye ganda jeusi. Ni cha bei nafuu kuliko kile kinachong'aa, na ganda linatoka kwa siki. Hivi ninavyoandika, flatibaa mbili zimelala kwenye ndoo tangu jana jioni. Nimezigusa kwa kidole sasa hivi: weusi unaachia kama masizi, na chini yake chuma ni cha kijivu, safi.