Dodoma hadi Arusha: kilomita za ndege na kilomita za basi

Shemeji yangu amenitumia hesabu yake ya safari: Dodoma–Arusha kilomita 330, gawanya kwa 80, kwa hiyo saa nne na kidogo. Hiyo 330 ameitoa kwenye simu, na ni kweli, ila ni ya ndege. Kwa basi kutoka stendi ya Nzuguni ni kilomita 420 na ushee.

Fungua ramani uone tofauti inatoka wapi. Dodoma na Babati ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo basi linapanda kaskazini tu: Msalato, Mayamaya, Chemba, Kondoa, Kolo, Bereko, Bonga. Mpaka Babati ni kilomita 251. Lakini Arusha iko mashariki zaidi. Ndege inakatiza juu ya Simanjiro na kuiacha Babati mbali kushoto, wakati basi lazima liingie Babati kwanza, ndipo ligeukie Minjingu na Makuyuni, kilomita nyingine kama 170.

Mimi ni Mrangi, kwetu Kondoa, na hizo 251 nazijua kabla hazijawa lami. Ni kipande cha ile barabara kuu ya zamani ya Cape hadi Cairo, lakini miaka nenda miaka rudi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mvua ikinyesha milimani, korongo linajaa na basi linasimama ukingoni. Konda anavua viatu, anakunja suruali, anaingia majini na fimbo, abiria wote tumemkodolea macho magoti. Maji yakiishia gotini, tunavuka. Yakipanda mapajani, mama anafungua kikapu cha chakula bila kusema neno, nasi tunajua leo tupo hapo hapo.

Ndiyo maana wengi waliotoka Dodoma kwenda Arusha walizungukia Morogoro, Chalinze na Segera. Huko ni zaidi ya kilomita 800! Miji ile ile, anga ile ile ya kilomita 330, na mtu anasafiri zaidi ya mara mbili yake kwa kuogopa makorongo. Hayati Rais Magufuli alizindua lami ya Dodoma–Babati Aprili 2018, siku moja baada ya kuitangaza Dodoma kuwa jiji. Wengine wanakumbuka zaidi hilo la jiji. Sisi wa Kondoa tunakumbuka lami, maana mgonjwa sasa anafika Dodoma siku hiyo hiyo hata masika.

Turudi kwenye hesabu yako, shemeji. Basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa, na kwenye vijiji vyenye vibao ni 50, navyo ni vingi. Kupanda milima ya Kolo kwenda Bereko kuna kona ambazo dereva mwenye akili hazikimbilii. Ongeza kula, ongeza kupakia na kushusha. Weka saa saba mpaka nane, ukate tiketi ya alfajiri, na kiti cha kushoto ili ukipita Minjingu ulitazame Ziwa Manyara.

Na kama unataka kuiona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, usikate tiketi ya moja kwa moja. Shukia Kondoa, nitampigia mama akupokee.